UZI: Gari na bahari – matunzo ya kila siku kwa wenye magari Mombasa

Mvita_NZE (mwanzilishi wa uzi)

Wenzangu, asalaam aleikum na habari za wakati huu.

Swali la gari lililoshuka bandarini juzi na tayari limeanza kusumbua linarudi humu kila mara, na wanaolijibu wengi wako bara. Ushauri wao ni mzuri kwa huko kwao. Huku kwetu hewa ina chumvi, jua halipumziki, na mfereji ukikauka tunavuta maji ya kisima ambayo hata chai hayapikiki. Kwa hivyo pesa zangu za gari nazipanga hivi: maji matamu kwanza, kisha nyaya za athi (zile zinazorudisha umeme kwenye betri), kisha upoaji wa injini, kisha eisi, yaani kiyoyozi. Oili nabadilisha kama watu wote na sitaijadili, maana imeshaandikiwa nyuzi za kutosha. Rimu, stika na spoila zije mwisho, na ukiniuliza mimi, zisije kabisa mpaka ujue hali ya sakafu ya gari lako.

Langu ni Fielder NZE141 yenye injini ya 1NZ-FE. Mengi nitakayosema yanafaa pia Probox, Vitz, Premio, Demio, Note na jamaa zao.

Tuanze na chumvi. Jioni watu wanakwenda zao Laitihausi pale Mama Ngina, gari linaegeshwa pua ikitazama bahari, mihogo na pilipili juu ya dashibodi, injini inanguruma ili eisi isizime. Raha yake naijua. Lakini kabla hujaondoka pitisha kidole kwenye kioo cha mbele, ukilambe. Chumvi hiyo haikukaa kwenye kioo peke yake. Muda wote ule feni ilikuwa ikivuta upepo huo huo kupitia kondensa ya eisi na rejeta, zile za kupozea zilizo mbele ya injini, na mapezi yake ni ya alumini nyembamba. Msimu wa Kusi ndio mbaya zaidi kwa sababu upepo unatoka baharini kwa nguvu. Anayevuka Likoni kila siku ana kazi ya ziada: maji yakiwa juu, pale mlango wa feri unapogusa gati magurudumu hukanyaga maji ya bahari kabisa, na ukishika mwendo huko mbele yanarushwa mpaka juu ya tangi la petroli. Wanaozungukia barabara ya Dongo Kundu bila kupanda feri wameepukana na hilo, ingawa safari yao ni ndefu zaidi.

Dawa ni maji matamu, mengi, na zaidi yapite kule usikokuona. Injini ikipoa, mwagia kondensa na rejeta kwa mpira wa kawaida. Ile mashine ya presha ukiisogeza karibu inalaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa. Kisha ndani ya matao ya magurudumu, kingo za chini za bodi, mikono ya springi, na chini ya tangi. Halafu tazama ukingo wa chini wa kila mlango. Kuna vitundu pale vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo. Vikiziba kwa vumbi na nta, maji yanakaa ndani ya mlango na kutu inaanza ndani kuja nje. Ukiona rangi imevimba kama upele, ujue bati limekwisha zamani. Kijiti cha kuchokolea meno kinatosha kuvizibua.

Sasa, maji hayo mnayatoa wapi? Wengi wetu tunaoshewa na vijana wa kando ya barabara, na tangi lao linajazwa kisimani. Usigombane nao, wapime. Chukua matone machache, weka juu ya ile plastiki nyeusi iliyo chini ya waipa, acha yakauke juani. Yakiacha duara jeupe nene, gari lako linaoshwa kwa chumvi nyingine. Mimi nikikosa maji ya mfereji nanunua mitungi ya mkokoteni, nayo naipima vile vile, kwa sababu si kila mkokoteni unajaza mahali pamoja. Ikiwa ya kutosha hayapatikani, acha waoshe juu kwa maji yao, kisha wewe mwagia ndoo za maji matamu chini na kwenye rejeta.

Maji hayo ya kisima yasiingie kwenye rejeta hata kwa dharura ya "nitamwaga kesho". Yanaacha chokaa ndani ya mirija, na chumvi yake inakula alumini ya injini pamoja na pampu ya maji. Kuna wanaosema kulanti, ile dawa ya rangi ya kutia kwenye rejeta, ni ya nchi zenye barafu. Sisi tunaihitaji kwa mambo mengine: inazuia kutu, inalinda sili ya pampu, na inachelewesha kuchemka. Ile ya Toyota ya waridi huja imeshachanganywa nusu kwa nusu, usiiongeze maji. Ile unayonunua nzito, changanya na maji yaliyosafishwa, yale ya dukani ya kuweka kwenye betri. Na usinunue kwa kufuata rangi tu, kwa sababu kijani cha kampuni moja si lazima kiwe kijani cha nyingine. Soma nyuma ya mtungi.

Kifuniko cha rejeta nacho watu wanakidharau. Maji ya wazi huku usawa wa bahari huchemka nyuzi 100. Kifuniko kilichoandikwa 1.1 kikishika presha yake vizuri, kiwango hicho kinapanda mpaka karibu 120. Raba yake ikikauka, presha inavuja na gari linachemka nyuma ya malori pale Mariakani huku kila kitu kingine kikiwa kizima. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote utakazotajiwa siku hiyo.

Nyaya za athi. Hapa ndipo pesa za watu Mombasa zinapopotelea. Betri ina waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi na mwingine unaokwenda kwenye injini au gia. Pale bolti inapokaza waya kwenye chuma, chumvi na unyevu vinaingia katikati na kufanya ukungu wa kijani. Umeme unapita kwa shida. Dalili ni nyingi na hazifanani: stata inavuta kwa uvivu asubuhi, taa zinafifia ukikanyaga breki, gia inabadilika kwa kishindo, taa ya injini inakuja na kwenda. Fundi mwenye skena, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, anasoma makosa sita yasiyohusiana kisha anakwambia kompyuta imekufa.

Pima kwanza. Mita ya umeme iwe kwenye volti za DC. Ncha nyeusi ishike nguzo yenyewe ya hasi ya betri, usiiguse klempu. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Ikisoma chini ya 0.2 uko sawa. Ikifika 0.5 au zaidi, waya au maungio yake hayafai. Fungua bolti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu yake. Fanya hivyo hivyo kati ya nguzo na bodi ukiwa umewasha taa na feni.

Betri yenyewe ikiwa imepumzika usiku kucha isome kama 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5, isipopanda, tazama oltaneta inayochaji betri na mkanda wake kabla hujanunua betri. Na msishangae betri zetu kukaa muda mfupi kuliko za watu wa Limuru. Joto linaharakisha kuoza kwa sahani za ndani.

Eisi nawaachia mafundi waliomo humu. Karibuni.

---

Kijana_Mtwapa

Kaka Mvita, uzi umekuja wakati wake. Nina Vitz. Nikiwa kwenye foleni ya Nyali Bridge asubuhi, taa nyekundu ya joto inawaka. Nikipata barabara wazi inazima. Fundi wa mtaani kwetu anasema huku Pwani ni joto, nitoe themostati itulie. Pia siku hizi linakunywa petroli sana. Nitoe au nisitoe?

---

Fundi_Makupa

Kijana wangu, usitoe. Niko kwenye hii kazi na magari ya namna hiyo naletewa kila wiki.

Wewe mwenyewe umeshajibu nusu ya swali. Gari likipanda joto ukiwa umesimama, kisha likashuka ukishika mwendo, tatizo liko kwenye upepo: feni haizunguki, au inazunguka kwa uvivu, au kondensa imeziba kwa takataka. Lingekuwa linapanda kwenye mwendo mrefu, tuseme kupanda kutoka Mazeras, hapo ndipo tungeshuku rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji au gasketi ya silinda hedi.

Themostati kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kama nyuzi 82. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, kompyuta inaona baridi na kuongeza petroli, oili haipati joto la kukausha unyevu wake na inageuka uji chini ya kifuniko. Tena kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba na njia ya pili inayorudisha maji bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji haipozwi kabisa. Umetoa ili lipoe, unapata kinyume chake.

Fanya hivi: gari likiwa limesimama, washa eisi. Feni lazima izunguke. Halafu niambie jambo moja: ile taa ya bluu ya ubaridi asubuhi inazimika baada ya mwendo gani?

---

Kijana_Mtwapa

Shukran fundi. Taa ya bluu inachelewa. Nikitoka Mtwapa inazimika nikiwa nakaribia Bamburi.

---

Fundi_Makupa

Mtwapa mpaka Bamburi? Kwa joto hili? Dakika chache tu zingetosha. Pima feni kwanza, kisha fungua nyumba ya themostati injini ikiwa baridi kabisa. Itie themostati kwenye sufuria ya maji, washa jiko, itazame. Maji yanapokaribia kuchemka lazima iwe imefunguka wazi, ukiipoza ijifunge.

---

Mzee_Townace

Vijana, mnahangaika na maji matamu ya mikokoteni na bei yake mnaijua. Sisi tangu enzi za Peugeot 504 tulikuwa tunachukua oili chafu ya injini, tunapuliza chini ya gari lote, na magari yalikaa. Townace yangu mpaka leo sakafu yake nzima.

---

Mvita_NZE

Shikamoo mzee wangu. Siwezi kukubishia kuhusu chuma, oili inazuia kutu kweli. Shida yangu ni mbili. Bushi, mabuti ya boljointi na mipira ya kushikilia egzosi ni raba, na oili ya petroli inaivimbisha na kuilainisha. Gari za zamani zilikuwa na bushi nene na chache. Hizi za sasa zina nyingi, ndogo, na bei yake si mchezo. Pili, oili inadondoka pale unapoegesha, mvua ya kwanza ya Aprili inaipeleka moja kwa moja baharini, na vumbi la barabara linaishika na kufanya koti zito lisilokuruhusu kuona kilicho chini.

Na nyinyi mnaopiga lami chini, hasa wale wanaouziwa huduma hiyo gari likiwa limetoka bandarini tu: lami juu ya bati safi ni nzuri. Lami juu ya kutu inafungia chumvi na unyevu ndani. Kwa nje panaonekana peusi pazuri, kwa ndani pananyauka. Gari lipandishwe, lisuguliwe, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, likauke, ndipo lami. Anayekwambia atamaliza yote mchana mmoja, muulize anakausha kwa kitu gani.

Mimi natumia dawa ya nta ya kupuliza kwenye maungio ya bati na ndani ya kingo. Haigandi ikawa gamba, inapenya.

Halafu kuna jambo watu hawaliulizi wanaponunua. Si kila gari la Japani limetoka kwenye jua. Mikoa ya theluji kama Hokkaido barabara zake humwagiwa chumvi majira ya baridi. Gari la huko linafika Kilindini likiwa na kutu yake tayari, kisha sisi tunaliongezea yetu. Kwenye karatasi ya mnada tazama ile picha ya gari: herufi S ni kutu, C ni bati lililoliwa. Zikiwa nyingi chini, lipite, hata likiwa la bei ya kuvutia.

---

Mzee_Townace

Marahaba mwanangu. La bushi umenipata, nimeshabadilisha za nyuma mara nyingi na sikujua sababu. La baharini pia ni kweli.

---

Mama_Aqua

Jamani na sisi wa haibridi mtukumbuke. Nina Toyota Aqua, karibu na kiti cha nyuma kuna sauti ya feni, zamani sikuisikia. Fundi mmoja amenitisha kwamba betri kubwa inakufa, niuze gari mapema.

---

Fundi_Makupa

Dada, usiuze kitu. Betri kubwa ya Aqua ile ya NHP10 ni volti 144, ina moduli 20 zimefungwa pamoja, nayo inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Hewa inavutwa kupitia tundu lenye wavu chini ya kiti cha nyuma, upande wa pembeni. Wavu ukijaa vumbi, nywele na nyuzi za mazulia, feni inalazimika kupiga kwa nguvu, ndiyo sauti hiyo. Ukiendesha bila eisi mchana wa Februari, hewa ya ndani yenyewe ni ya moto, kwa hivyo betri inapozwa kwa joto.

Kifuniko cha wavu kinatoka kwa mkono. Kisafishe kwa brashi laini au mashine ya kuvuta vumbi, kikiwa kikavu. Usiweke mikoba ya shule wala mifuko ya soko mbele ya tundu lile. Na eisi kwenu si anasa, iwasheni. Sauti ikiendelea baada ya hapo, skena isomwe na mtu anayeonyesha volti za kila jozi ya moduli, si anayesoma taa tu. Nyaya nene za rangi ya chungwa usimruhusu mtu wa kubahatisha aziguse.

Nimeitwa kuhusu eisi, basi nimalizie hapa hapa.

Gesi ya eisi haitumiki kama petroli. Mfumo umefungwa. Ukijaza leo na baada ya miezi michache haipozi, imevuja, na kuongeza tena ni kumwaga pesa. Huku Pwani mahali pa kwanza pa kutazama ni kondensa, kwa sababu ya ile chumvi ya Laitihausi aliyoieleza Mvita. Tafuta alama ya unyevu wa mafuta kwenye mapezi: gesi ikitoka hutoka na oili ya kompresa. Palipolowana vumbi hushika, utaona doa jeusi. Kama hupaoni, tunatia rangi maalumu na kutafuta kwa tochi ya zambarau usiku.

Sasa sikilizeni hapa. Mfumo ukifunguliwa, hewa yetu yenye unyevu inaingia. Kabla ya kujaza gesi lazima uvutwe kwa pampu, nusu saa hivi, kisha uachwe kidogo utazame kama sindano ya geji inarudi. Unyevu ukibaki ndani unachanganyika na gesi na oili, unatengeneza asidi inayokula mirija na kompresa. Fundi anayekuja na mkebe wa gesi na mpira mmoja bila pampu, mshukuru, mpe nauli, arudi zake. Na gesi ijazwe kwa uzito ulioandikwa kwenye stika chini ya boneti. Nyingi ya hizi gari zetu ni R134a. Mpya zaidi huenda ni aina nyingine, soma stika kabla mtu hajachomeka mpira.

Mambo mawili ya bure. Filta ya hewa ya ndani iko nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria: minya pande mbili, sanduku linashuka, ivute. Zipo ambazo hazijatolewa tangu Japani, zina majani ya miti ambayo hayaoti Kenya. Na zulia la abiria likilowa bila mvua, mrija wa kutolea maji ya eisi umeziba. Eisi yenye afya huku Mombasa hudondosha maji mengi chini ya gari. Ukiona haidondoshi, jua yanakwenda mahali pengine.

---

Mama_Aqua

Fundi Mungu akuzidishie. Wavu ule ulikuwa umeota manyoya. Nimeusafisha na sauti imepungua sana.

---

Taita_Juu

Mimi niko Mombasa kikazi lakini nyumbani Wundanyi. Juzi nikishuka zile kona kuja Mwatate, kanyagio la breki likawa linazama polepole. Nilipofika chini na kupumzika likarudi sawa. Pedi ni mpya.

---

Mvita_NZE

Kaka, pole, hilo si la kulifumbia macho. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya Mombasa unaijua. DOT 3 ikiwa mpya kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiwango kinashuka kuelekea 140. Kwa DOT 4 ni 230, kisha 155. Kwenye mteremko ule kalipa, zile zinazobana pedi, zinapata moto, mafuta yaliyolowa yanachemka, mvuke unaminywa, kanyagio linazama. Ukipoa mvuke unarudi kuwa maji na breki zinajifanya nzima.

Mafuta yote yamwagwe na kuwekwa mapya, magurudumu yote manne mpaka yatoke safi. Kuongeza kwenye kopo hakusaidii. Kitabu husema kila miaka miwili. Kwa anayekaa Mombasa na kupanda Taita ningefanya kila mwaka. Kopo la dukani lililofunguliwa mwaka jana litupwe hata likiwa limejaa. Mwambie fundi atoe na pini za kalipa, azisafishe na kuzipaka grisi ya breki, kwa sababu kwetu hunata na pedi inabaki ikisugua. Na kushuka, weka gia ya chini, breki ya mguu iwe ya kusahihisha tu. Ikirudia kuzama hata kabla breki hazijapata moto, silinda kuu ichunguzwe.

---

Probox_Kisauni

Haya, mbona hamtaji mambo matamu? Nataka kuinua Probox, niweke taa za LED, na redio kubwa ya Android.

---

Mvita_NZE

Sheikh, gari lako na pesa zako.

Redio weka, nyingi za Japani hata hivyo zinaishia 90 kwenye FM na stesheni zetu nyingi hazishiki, na ramani yake inataka diski ambayo haipo. Chukua waya wa umeme kwenye fyuzi yake, usikate waya za gari na kuzisokota kwa mkono. Msokoto usiofungwa vizuri huku unaoza.

Kuinua kwa spesa ndogo sawa, barabara za ndani huko Kisauni nazijua. Ukizidisha, viungo vya shafti za mbele vinafanya kazi kwa pembe kali, mabuti yake yanapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Baada ya kuinua peleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe.

LED kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida zinatawanya mwanga machoni mwa wanaokuja. Kabla ya kuzinunua, tazama vioo vya taa vyenyewe. Jua limevifanya vya manjano, na balbu yoyote utakayoweka mwanga utaishia humo. Sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, mkono ukienda upande mmoja, maji yakitiririka. Mwanzo kioo kitakuwa cheupe kama kimeharibika, usiogope. Maliza kwa polishi, kisha puliza vanishi inayozuia miale ya jua. Wanaotumia dawa ya meno wanapata mng'ao, lakini hakuna kinga, na manjano inarudi upesi.

Tairi, kwa kuwa uko: zile za mtumba kutoka Japani zina meno mazuri na umri mkubwa. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akigeuza tairi upande usio na namba, geuza tena.

---

Kijana_Mtwapa

Narudi na ripoti. Feni haikuzunguka nilipowasha eisi. Nimefungua soketi yake, ndani kuna ule ukungu wa kijani, pini moja imeliwa nusu.

Halafu nimefungua nyumba ya themostati ili niichemshe kwenye sufuria. Hamna kitu. Tupu. Nimelinunua likiwa hivyo.

---

Probox_Kisauni

Hahaha, fundi wa mtaani alitaka akutoze pesa ya kutoa hewa!

---

Fundi_Makupa

Nilishuku kwa ile taa ya bluu. Petroli yako imekuwa ikienda huko.

Usinunue feni. Kwanza ipe umeme wa moja kwa moja kutoka betri, waya mbili, uone kama inazunguka kwa nguvu. Ikizunguka, badilisha soketi na kipande cha waya mpaka ufike shaba inayong'aa. Ukiona waya mweusi ndani ya plastiki endelea kukata. Tazama na rilei, swichi inayoipa feni umeme, kwenye sanduku la fyuzi, miguu yake huota ukungu huo huo.

Themostati nunua kwa namba ya chesisi, usikubali "hii inaingia". Ukiifunga, raba iwe mpya, na kile kitundu chenye kipini kinachotikisika kikae juu ili hewa itoke. Jaza kulanti taratibu, hita iwe kwenye joto la mwisho, kifuniko wazi, injini ipate moto mpaka mapovu yaishe na feni izunguke mara mbili. Kisha funga, acha lipoe, ongeza kwenye kopo mpaka mstari.

Maji ya kisima yaliyomo yamwage yote kwanza.

---

Kijana_Mtwapa

Umejuaje ni ya kisima?

---

Fundi_Makupa

Aliyetoa themostati hakununua kulanti.